Ngoma Huwambwa Upya, Mkono wa Mpigaji Je?

SHUGHULI ya arusi inapokwisha, msomaji mpenzi, kila mtu hurudi nyumbani na hadithi yake. Huyu humsifu bibi arusi, yule husimulia mavazi na mapochopocho, na wa tatu hachoki kumtaja mwimbaji aliyewakesha watu. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza: je, yule aliyepiga ngoma tangu baada ya isha hadi usiku wa manane, mikono yake imeamkaje? Tumemzoea mpigaji kama tulivyouzoea ukuta wa nyumba. Hatuutazami mpaka siku utakapotia ufa.

Wahenga wetu walisema kwamba ngoma ivumayo haidumu. Maneno hayo aghalabu huambiwa mtu mwenye majivuno, lakini fundi wa ngoma huyasikia kwa maana yake ya wazi. Yeye anajua kwamba ngozi ikipigwa sana hulegea, na ikilegea huanikwa juani au husogezwa motoni ikakaza. Ikipasuka huvuliwa, ikatafutwa nyingine, ngoma ikawambwa upya na mambo yakaendelea. Mzinga wa ngoma ukitunzwa vyema huweza kurithiwa na mwana na mjukuu. Lakini mkono uliopiga ngozi hiyo, na bega lililobeba mzinga huo, havina duka la kuuza vingine.

Mimi ni mtu wa pwani niliyeletwa Nairobi na riziki, kama wengi wenzangu. Kwa muda sasa nimekuwa nikiwafuata wapigaji wa mji huu, wa kwetu na wa makabila mengine, kutaka kujua jambo moja tu: mpigaji anapokuwa mzee, au anapoumia kabla ya uzee, hufanyaje? Niliyoyaona na kuyasikia, pamoja na yale ambayo utabibu unayajua, ndiyo ninayokuletea leo.

NGOMA ZA MJI MKUU

Nairobi ina ngoma nyingi kuliko adhaniavyo mtu aliyeshuka garini jana kutoka Mombasa. Katikati ya mji, mkabala na hoteli ya Norfolk, liko Jumba la Taifa la michezo ya kuigiza lililofunguliwa mwaka 1952 na kufunguliwa tena mwaka 2015 baada ya kukarabatiwa. Huko Langata, Bomas of Kenya ilianzishwa mwaka 1971, na kwa zaidi ya miaka hamsini wageni na watoto wa shule walikwenda kutazama ngoma za Wamijikenda, chakacha ya Waswahili na isukuti ya Waluhya chini ya paa moja. Mwaka 2025 ulianza ujenzi wa kuugeuza uwanja huo kuwa jumba kubwa la mikutano ya kimataifa.

Ukienda Kibera utasikia doluka ya Wanubi katika arusi zao. Ukipanda gari la kwenda Kawangware, au ukifuata barabara ya Waiyaki mpaka Kangemi, utakuta vitongoji vya magharibi ambako wameishi Waluhya wengi tangu zamani, na isukuti ni nadra kukosekana mwisho wa juma. Na sisi wenyewe hatukubaki nyuma. Maulidi yakisomwa matari hulia, na arusi ikifanywa hutafutwa mtu wa chapuo na mtu wa vumi, hata ikibidi kumwita kutoka Mombasa kwa basi la usiku.

Tena kuna wale wa bendi. Tangu miaka ya 1970, wanamuziki kutoka Kongo walipofanya Nairobi kuwa makao yao, na bendi kama Les Mangelepa ikaundwa hapa mwaka 1976, wapigaji wa dramu na tumba walizoea kuketi jukwaani kuanzia usiku mpaka majogoo. Mwimbaji hushuka akanywa maji, mpiga gitaa akampisha mwenzake. Mpiga dramu akishuka, muziki umekwisha.

MZIGO WA BEGANI

Nianze na isukuti, kwa kuwa ndiyo ngoma iliyoenea zaidi upande wa magharibi wa mji. Asili yake ni kwa Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Ngoma zenyewe huwa tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na huandamana na baragumu ya pembe na njuga za chuma. Tofauti na vumi letu linalotuama chini, isukuti huning'inizwa begani kwa ukanda ikakaa ubavuni, na mpigaji huipiga huku akitembea, akicheza na kuinama. Humpokea nayo bwana arusi barabarani, humsindikiza nayo maiti, na timu ya AFC Leopards ikicheza katika uwanja wa Nyayo huizungusha majukwaani kabla ya mpira, wakati wa mpira na baada ya mpira.

Fikiria basi bega moja linalovutwa na ukanda kwa saa tano, mgongo umepindia upande mmoja kuusawazisha uzito, na mikono yote miwili inafanya kazi mbele ya mwili bila ya kiwiko kupata pa kuegemea. Si ajabu kwamba maumivu ya kwanza ya mpiga isukuti hayaanzi kiganjani, bali huanza shingoni na chini ya mgongo.

Kangemi nilikutana na mzee mmoja aliyeanza kupiga akiwa kijana mdogo. Nilipomwamkia “Shikamoo” alicheka, kwani bara salamu hiyo haina mazoea sana, kisha akanijibu, “Marahaba, mtu wa pwani.” Alinionyesha bega lake la kushoto, ambalo limeshuka kuliko la kulia kama mzani wenye kitu upande mmoja. Alisema kwamba asubuhi za baridi ya mwezi wa Julai hawezi kufunga vifungo vya shati mpaka aloweke vidole katika maji ya moto. Nikamwuliza kwa nini hakuwaambia wenzake wampe ngoma ndogo.

“Mwanangu,” akasema, “ukisikika unaumwa, simu hailii tena.”

Maneno hayo niliyasikia tena na tena, kwa sauti tofauti, kila nilikokwenda. Mpigaji huitwa kwa shughuli. Asiyeitwa hana kitu. Kwa hiyo maumivu hufichwa kama deni, na kama deni hukua. Anayepaswa kupumzika juma moja hapumziki, na jeraha la juma moja likawa la mwaka.

MKONO UNASEMA NINI

Utabibu unatufundisha kwamba mkono hauchoki mahali pamoja. Kuna kano, zile kamba ngumu zinazounganisha msuli na mfupa. Kano hupenda kazi, lakini huchukia kazi ya ghafla. Ikizoeshwa pole pole huwa imara. Ikitwishwa mzigo mkubwa siku moja huvimba, huuma, na ikiendelea kutumiwa katika hali hiyo hudhoofika.

Kuna pia neva ipitayo katika mfereji mwembamba kwenye kifundo cha mkono, ikishirikiana njia hiyo na kano za vidole. Kano zikivimba neva hubanwa. Dalili zake ni ganzi na mwasho katika kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, mpaka mtu huamka akaukung'uta mkono kama anayemwaga maji. Anayeona hivyo asidhani amelala vibaya. Hali hiyo ikishughulikiwa mapema, kwa kupumzika na kuvaa gango la kukinyoosha kifundo wakati wa kulala, mara nyingi hutulia. Ikiachwa miaka, msuli wa chini ya kidole gumba hunywea na mtu akawa anaangusha vikombe.

Wapiga dufu wetu wana lao. Watu hudhani mkono unaopiga ndio unaoteseka, kumbe mkono unaoshika huweza kuumia zaidi. Dufu huinuliwa na kuzuiwa kwa kidole gumba, na kidole hicho hakipati nafasi ya kulegea tangu mlango wa kwanza wa maulidi hadi dua. Ongeza magoti kwa wale wanaopiga wakiwa wamepiga magoti huku wakiyumba kwa mwendo mmoja. Kijana hayaoni hayo. Mtu wa miaka hamsini huinuka kwa kushika bega la jirani.

Kuna na jambo ambalo wachache wanalijua. Mwaka 1974 madaktari wa Marekani waliandika juu ya wapiga tumba waliopata mkojo mwekundu baada ya kupiga kwa mikono mitupu kwa muda mrefu. Kiganja kinapogongwa mara maelfu juu ya kitu kigumu, chembe nyekundu za damu hupasuka ndani ya mishipa ya mkono, na msuli nao huumia. Rangi yake huchujwa na figo ikatokea katika mkojo. Kwetu pwani mtu akiona hivyo mara moja husema ni kichocho. Yawezekana ikawa kichocho kweli, na ni lazima kupimwa. Lakini mpigaji amweleze tabibu kwamba alikuwa akipiga ngoma jana yake, na anywe maji ya kutosha, kwani jambo hilo likizidi huzichosha figo.

Na hapa nataka kuonya juu ya vidonge. Karibu kila mpigaji wa makamo niliyezungumza naye ana vidonge vya kutuliza maumivu mfukoni, vilivyonunuliwa bila ya cheti. Hunywa viwili kabla ya shughuli na viwili baadaye. Dawa za namna hiyo, zikinywewa kwa miaka bila ya uangalizi, huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Isitoshe, zinaziba mlango wa taarifa: maumivu ni mjumbe, na kumnyamazisha mjumbe hakuondoi vita. Kukanda kwa maji ya moto na chumvi, kuchua kwa mafuta ya nazi, hata chuku kwa wanaoiamini, ni mambo ya kumpa mtu nafuu ya usiku mmoja. Hayatoshi ikiwa kesho yake atarudi kupiga vile vile.

SIKIO HALIWAMBWI

Kilema cha mkono huonekana. Kilema cha sikio hakina alama, na ndicho kinachowapata wengi, hasa walio katika bendi na wale wanaowekwa kando ya vipaza sauti.

Wataalamu huupima mlio kwa desibeli. Wanasema kwamba sikio huweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa nane kwa siku. Kila zikiongezeka tatu, muda wa salama hukatwa nusu: desibeli 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja, na zikifika 100 ni robo saa tu. Ngoma ya chuma ya bendi ndani ya ukumbi uliofungwa huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Ndani kabisa ya sikio mna vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti. Vikifa havioti tena. Ngozi ya ngoma huwambwa upya, lakini sikio haliwambwi.

Dalili ya kwanza ni mvumo unaobaki masikioni baada ya watu kwenda zao. Ukiondoka asubuhi, hilo ni onyo. Usipoondoka, ndio hasara imeingia. Mtu wa namna hiyo atausikia mwadhini kwa kipaza sauti, lakini hatamsikia mjukuu akimnong'oneza. Baadhi ya vijana niliowaona katika kumbi za mjini hujaza pamba masikioni wakadhani wamejikinga. Pamba huzuia kidogo sana. Vizibo vya masikio vilivyofanywa kwa kazi hiyo huuzwa kwa bei nafuu, na ni aibu kuona mtu ananunua vijiti vipya vya dramu kila mwezi asinunue vizibo mara moja.

MISIMU NDIYO INAYOVUNJA

Baada ya kuyasikiliza hayo yote, nimefikia rai moja ambayo naiweka mbele ya wasomaji waipime. Kinachowavunja wapigaji si wingi wa ngoma katika mwaka mzima, bali ni namna ngoma zenyewe zinavyokuja kwa mkupuo.

Tazama kalenda yetu. Mwezi wa Shaabani arusi hurundikana kwa kuwa kila mtu anataka kumaliza kabla ya Ramadhani. Kisha ngoma hunyamaza siku 29 au 30. Mkono hupumzika, sugu za kiganjani hulainika, kano hulegea. Mara Idi huingia, na mpigaji yule yule hutakiwa usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu, na arusi zilizokuwa zikingoja zikafuata. Mapumziko yenyewe ni neema. Madhara yamo katika kurejea kazini kwa kishindo, kutoka sifuri hadi saa sita kwa siku moja. Kano, kama nilivyosema, haina uadui na kazi, ila haiwezi ghafla.

Kwa wapigaji wa bara ni hivyo hivyo. Desemba huwa na arusi na sherehe za kurudi makwao. Julai na Agosti huwa na watalii na mashindano ya muziki. Na kila mwaka wa tano huja kampeni. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022 isukuti ililia juu ya malori kutwa kucha, na Agosti 2027 haiko mbali. Mpigaji hawezi kukataa, kwa sababu msimu mmoja ndio unaomlisha miezi ya ukame. Hivyo mwili hulipa deni la tumbo.

Ikiwa rai hii ni ya kweli, dawa yake haina gharama kubwa. Juma la mwisho la Ramadhani, mpigaji apige nyumbani kwa dakika chache kila siku, polepole na kwa vidole, mkono ukumbuke kazi. Kabla ya shughuli apashe mwili moto: azungushe mabega, afumbe na kufumbua viganja. Inashangaza kwamba tunaiotesha ngoma moto ili iwe tayari, na anayeipiga tunamtoa baridini moja kwa moja.

UZEE SI KUSTAAFU

Asije mtu akadhani kwamba umri peke yake humnyang'anya mtu ngoma. Nani kati yetu asiyemjua marehemu Bi Kidude wa Unguja? Mpaka ameingia uzee mkubwa alikuwa akijifunga msondo kiunoni kwa kanga, akasimama na kuupiga katika unyago na mbele ya watu wa Ulaya. Mwaka 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX, na alifariki tarehe 17 Aprili 2013, wengi wakiamini kwamba alikwisha kupita miaka mia. Hakuyapata hayo kwa nguvu za misuli. Mtazame katika filamu: mkono wake hauinuki juu, kiganja kinaanguka kwa uzito wake chenyewe, na mwili mzima unakwenda na mdundo badala ya kushindana nao.

Huko Dakar, Senegal, Doudou N'Diaye Rose, aliyezaliwa mwaka 1930, aliipiga sabar hadi uzeeni, mkono mmoja mtupu na mwingine kwa kijiti. Shirika la UNESCO lilimtambua mwaka 2006 kuwa hazina hai ya binadamu, na alifariki mwaka 2015. Alichokifanya kikubwa ni kuwafundisha wanawe wa kiume na wa kike na wajukuu mpaka wakawa kikosi kizima. Alipopungukiwa na nguvu hakupungukiwa na ngoma, kwa kuwa ngoma ilikwisha kuwa mikononi mwa watoto wake.

Na wenye fedha nao hawakuepuka. Phil Collins wa Uingereza, mpiga dramu aliyejulikana dunia nzima, alipata maradhi ya pingili za shingo akafanyiwa operesheni mwaka 2009. Mikono ikakosa nguvu ya kushika vijiti. Bendi yake ya Genesis ilipofanya safari ya mwisho iliyokwisha London mwaka 2022, yeye aliimba akiwa ameketi kitini, na nyuma yake dramu zikapigwa na mwanawe.

Wazee wa Nairobi nao wana hekima zao. Mmoja ameshona ukanda wa kupita mabega yote mawili, uzito ukagawanyika. Mwingine huikaza ngozi zaidi kuliko zamani, ngoma itoe sauti bila ya kupigwa kwa nguvu. Wa tatu, mtu wa kwetu anayekaa Kawangware na kulinda lango la watu usiku, aliniambia kwamba ameacha kupiga mfululizo. Hufungua ngoma, huwaachia vijana katikati, kisha hurudi wakati wa kubadilisha mwendo, pale panapohitaji fundi. “Zamani nilitumia nguvu,” alisema, “siku hizi natumia mahali.” Ana maana kwamba anachagua pa kupiga, ukingoni kwa vidole au katikati kwa kiganja, badala ya kuongeza kishindo.

SHERIA NA MFUKO

Mpigaji akiumia kazini, nani anamlipa? Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu. Kenya inayo Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya mwaka 2007, lakini sheria hiyo inamhusu aliyeajiriwa kwa mkataba wa kazi. Aliyekuwa katika mshahara wa Bomas alikuwa na mwajiri wa kumwendea. Anayeitwa kwa simu aje apige jioni moja Kangemi huhesabiwa kuwa mtu wa kujitegemea, na akishuka garini na mgongo umekwisha, huo ni mgongo wake. Hali kadhalika kanuni za mwaka 2005 za kuzuia kelele kazini zinasema mfanyakazi asikae katika desibeli zaidi ya 90 kwa zaidi ya saa nane katika siku. Lakini ni ukumbi gani wa arusi uliokwisha kupimwa?

Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya taifa iko chini ya mamlaka mpya, SHA. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hutakiwa alipe wa mwaka mzima kwa pamoja. Shilingi 3,600 kwa mkupuo mmoja si kitu kwa tajiri. Kwa mtu ambaye Februari hana shughuli hata moja, ni mlima. Vikundi viwili vitatu nilivyovikuta vimeanza kukata kidogo katika kila malipo na kuweka kibubu cha bima kwa wanachama wote. Hilo ni jambo la kuigwa, hata na vikundi vyetu vya Mombasa, Lamu na Malindi.

KINACHOPOTEA

Huenda msomaji akasema: haya ni ya wapigaji, mimi yanihusu nini? Yanamhusu kila anayependa kusikia ngoma za kwao. Mwaka 2014 UNESCO iliitia isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa haraka, na mojawapo ya sababu zilizotajwa ni kwamba wengi wa wanaoijua ni wazee wasio na warithi. Mila za kaya za Wamijikenda ziliingizwa katika orodha hiyo hiyo mwaka 2009. Mpigaji anapoachishwa na bega lake akiwa na miaka hamsini, haukatiki mdundo wake tu. Wamepotea na wanafunzi ambao angewafundisha katika miaka ishirini iliyobaki. Hakuna kitabu kinachoweza kumfundisha kijana uzito wa kiganja. Lazima aketi kando ya mzee, na mzee awe bado anaweza kumwonyesha.

Kila mwamba ngoma, walisema wakubwa, ngozi huivutia kwake. Mwenye arusi anataka usiku mrefu kwa bei fupi. Mwenye ukumbi anataka kishindo. Mwanasiasa anataka lori lisinyamaze. Wote wanavuta, na kinachovutwa ni mwili wa mtu mmoja. Si vibaya na yeye akavuta kidogo upande wake: aseme bei ya wapigaji wawili wa kupokezana, adai kiti cha kimo chake kisicho na mikono, na akatae kuwekwa mdomoni mwa kipaza sauti. Na sisi tunaomwalika tukubali bila ya manung'uniko, tumpe maji kabla hajaomba, na tukimwona kijana amekaa karibu naye akimtazama vidole, tusimfukuze.

Pwani tunasema mcheza kwao hutunzwa, na katika neno hilo Kiswahili kimetuwekea mambo mawili. Kumtunza mtu ni kumpa tunzo, ile noti inayobandikwa kipajini ngoma ikikolea. Kumtunza pia ni kumwangalia asidhurike. La kwanza tunalijua sana, tena kwa mbwembwe. La pili ndilo ninaloliombea kwa wapigaji wetu, hapa Nairobi na huko nyumbani.